Waya wa Darini

Fundi mmoja wa mitandao, rafiki yangu wa siku nyingi, alirudi kazini mara tu baada ya kumzika kaka yake. Walizoea kufanya kazi pamoja. Kaka mtu alikuwa akipanda darini, anafunga waya mpya kwenye ncha ya ule mbovu, kisha anauvuta mara mbili, ishara kwa mdogo wake aliye chini: tayari, vuta.

Asubuhi hiyo, katika ofisi moja, taa moja ya swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilikuwa imezima, na karani wa hapo hakuwa na mtandao. Fundi alijaribu tundu jingine, wapi. Waya ulikuwa umekatikia darini. Akaanza kuuvuta taratibu. Juu, gizani, kitu kilikwaruza kama mtu anayetambaa. Kisha waya ukamvuta mkono mara mbili.

“Dada, umegusa waya huko?”

“Mimi?” karani akajibu kutoka mlangoni. “Ngazi yenyewe hii hapa, ndiyo kwanza naileta.”

Kwa mazoea tu, fundi akavuta. Waya mbovu ukashuka wote. Kwenye ncha ulikuwa umefungwa waya mpya kabisa, kwa utepe mweusi, pembe yake imekunjwa kidogo, kama alivyoikunja marehemu siku zote ili mdogo wake asihangaike kuufungua.