Guelor Alifuta Jina ya Papa Ngosa

Ile disque ya muziki Guelor aliisafisha asubui, na tena ilikuwa chafu.

"Dorcelle! Nani alikamata disque yangu?"

"Miye niko nasonga bukari, papa," bibi yake akajibu toka ku moto. "Mikono yote unga. Uliza bapanya bako."

Lakini akaingia kuangaria. Katikati ya weusi wa disque kulikuwa alama ya kidole gumba, na mafuta yake bado inangaa. Guelor akapangusa. Akaiweka chini, akakamata ingine: gumba ileile. Na ile gumba ilikuwa na kovu, imekatwa toka huku mpaka kule. Dorcelle akaangaria mikono ya bwana yake. Haikukuwa na kovu.

Lubumbashi muzima, toka Kamalondo mpaka kule Luano kwenye ndeke zinashukaka, hakukuwa mutu wa kusafisha disque sawa Guelor. Disque ilikuwa inamufikia na vumbi nyekundu ya kupanda mihogo, anairudisha inangaa mpaka mwanamuke anaweza kusukia nywele mbele yake. Mayi ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Unazunguka na mistari ya disque, haukate katikati. Kisha unaisimamisha mu kivuli, sababu jua ya kwetu inakunja disque sawa chapati. Na sheria ya kwanza: ile karatasi ya katikati, étiquette, haionje mayi ata tone. Guelor alisemaka angepiga papa yake mwenyewe kofi juu ya étiquette.

Na ni yeye mwenyewe alivunja sheria.

Hizi disque zilitoka Kasungami, kwa mama Clotilde, mujane ya papa Ngosa. Ngosa alikuwa anatengenezaka ma camions, zile lori kubwa, na alipenda rumba kupita chakula. Pa kila étiquette aliandika jina yake na biki. Clotilde alimwambia Guelor: "Ngojea kwanza, baba. Famille haiyamupyanisha bado."

Kwetu kupyanisha ni hivi: mutu akikufwa, banachagula ndugu wa kubeba jina yake. Banamunywesha pombe, banamwita na jina ya marehemu, na kivuli yake inapata fasi ya kukaa. Kabla ya pale, bintu yake haviguswe. Lakini Guelor na kungojea! Ule angezaliwa kabla ya mama yake kama bangemuachia njia.

"Miye sipyane mutu, mama. Mi napangusa disque tu." Akabeba carton, akaenda.

Ku nyumba, sabuni ikashindwa kutoa biki. Guelor akakamata lutuku, ile pombe ya Kasungami yenye ikimwangika inatoboa simenti. Akaonja kwanza, aone kama iko na nguvu. Kisha akafuta Ngosa, akafuta Ngosa, akafuta Ngosa, na juu ya ile fasi mweupe akaandika Guelor, na herufi kubwa sawa za kibao ya bar.

Dorcelle alimuona. Alicheka, ata.

Kisha ile gumba, harufu ikafuata. Mazut ya camion na tumbaku ya kusokota, mu salon ya mutu wenye havutake. Dorcelle akafua mapazia, akafua nguo ya meza, harufu ikakaa sawa shemeji mwenye hana kazi. Pasteur akakuya, akaomba mpaka mabati ya jirani ikatetemeka. Guelor akajibu "Amen", na ile amen ilitoka chini sana, na kikohozi ndani yake, na pasteur akaacha Fanta yake nusu, akasema iko na deuil, maziko fulani.

Siku moja muchana, jua kali, Guelor alikuwa inje pa bomba, Dorcelle anamuona na macho yake, na nyuma yake mu salon akasikia kitambaa inapangusa disque, polepole, inazunguka, inazunguka, na mutu anahema, na kikohozi, na alitaka kugeuka lakini shingo ikakataa, na kitambaa ikaendelea kuzunguka sawa inapangusa ngozi ya mugongo yake mwenyewe, mpaka Guelor akaingia na ndoo na kelele ikakatika, na wakati alikuwa anaweka chini ile ndoo Dorcelle akaona gumba yake: kovu, toka huku mpaka kule, kavu, ya zamani, sawa alizaliwa nayo.

"Guelor," akasema polepole. "Gumba yako."

"Iko nini? Ni ile feni ya camion Berliet ilinikata."

"Haukutengenezaka camion ata siku moja, papa."

Bwana yake akamwangaria sana, sawa mutu anatafuta jina. "Clotilde iko wapi?"

Dorcelle hakubeba ata sandale. Alikimbia mpaka kwa mama Mulenga, mufumu, muganga wa kienyeji, mwanamuke mufupi wenye maneno mafupi, akamweleza yote.

"Alionja ile lutuku?"

"Alionja."

"Na akaandika jina yake pa fasi ya marehemu."

"Ndiyo, mama."

"Basi alijipyanisha. Mutu wenu ni mupumbafu mukubwa. Ngosa hana kosa, alipata mulango wazi tu."

"Atatoka?" Sauti ya Dorcelle ilikuwa ya kunongona. "Mama, niko na ule bwana moja tu."

"Mujane yake amwambie: Enda, sikujue tena. Kinywa ingine haiwezi."

Bakamuleta Clotilde. Guelor alikuwa amekaa mu salon katikati ya disque, anapangusa, kichwa chini. Mama Mulenga akanyunyiza mayi ya kikombe pa mulango, akamusukuma mujane mbele. "Sema."

Clotilde alisimama. Nguo yake nyeusi ilikuwa imepauka. Guelor akakohoa kile kikohozi, akainua macho, na Dorcelle akaona midomo ya ule mwanamuke inaanza kutetemeka, na akafikiri ni woga, na akaomba Mungu ikuwe woga.

"Sema, mama, nakulamba miguu," Dorcelle akalia. "Sema sikujue."

"Ngosa," Clotilde akasema.

"Clotilde."

"Ulikawia."

"Njia ilikuwa mbali."

Mama Mulenga akamukamata mukono. "Mwanamuke! Ule ni bwana ya mwenzako!"

Clotilde akaondosha mukono yake polepole. Hakumwangaria Dorcelle. "Simama, Ngosa," akasema. "Bukari inapola."

Na akasimama. Mama Mulenga aliachilia kikombe, mayi yote ikamwangika, akarudi nyuma mpaka ukuta. Dorcelle akajitupa pa mulango, akakamata shati ya bwana yake na mikono mbili, akaita: "Guelor! Guelor! Guelor!"

Ule mutu akafungua bidole ya Dorcelle kimoja kimoja, bila hasira, na heshima yote, sawa unamuheshimia bibi ya jirani.

"Ubakie salama, mama," akamwambia. "Usalimie bwana yako."