Mshiko wa Kona ya Mashineni

Siku Ambakisye alipokufa, gari lake lilipita salama kwenye kona ya Mashineni mara kumi na nne.

Lilipita ndani ya kiigamwendo, katika ukumbi wa karakana mjini Mbeya, mbele ya wageni walioalikwa kutazama. Mashine hiyo ilikuwa kiti, usukani na pedali tatu juu ya miguu sita ya chuma iliyopanda na kushuka, na mbele yake ukuta mzima uliogeuka barabara. Haikuhifadhi picha za mbio. Ilihifadhi mikono na miguu ya dereva: alikata usukani kiasi gani, alikanyaga breki wakati gani. Kila ilipoambiwa irudie, ilipiga upya hesabu ya kila tairi juu ya kila kokoto, na gari likaenda kule hesabu ilikolipeleka. Madereva waliuita mwendo huo kivuli.

Wageni walikuwa wakikipigia makofi kivuli cha mazoezi ya jana yake wakati simu ya Sekela ilipoita. Kwenye kona ya kweli, kilomita arobaini kutoka pale, kaka yake, Ambakisye, alikuwa ametoka barabarani.

Sekela ndiye aliyekuwa injinia wa matairi. Miaka ile magari yote ya mjini yalijiendesha yenyewe, hata halmashauri ilikuwa imeng'oa taa za barabarani kwa kuwa magari hayakuzihitaji. Mtu aliyetaka kushika usukani kwa mikono yake aliruhusiwa siku ya mbio tu. Hivyo dereva hakuwa na mahali pengine pa kujifunzia isipokuwa ndani ya kiigamwendo, na kiigamwendo hakikuwa na ukweli mwingine isipokuwa hesabu za Sekela.

"Gari zima linagusa ardhi kwa viganja vinne tu," alizoea kuwaambia madereva wapya. "Nikikosea kiganja, nimekosea gari."

Matanga yalipokwisha, mama yao, Bi Tupokigwe, alianza kuja karakana kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Niwashie kaka yako."

Sekela aliwasha. Gari lilikuja kwa kishindo, likapinda, likateleza kidogo, likashika tena, likapita.

"Taratibu, baba," mama alikiambia kivuli kila kilipofika pale. Kikishapita alishusha pumzi. Kisha aliaga akaenda kupika, na wiki nzima aliweza kula.

Mwezi wa nne baada ya msiba akaja Lusajo. Huyu ndiye aliyekuwa akimsomea Ambakisye ramani, ameketi kando yake hata siku ile, akatoka na mfupa wa mtulinga uliovunjika. Sasa alitaka kuendesha yeye mwenyewe mbio zilizofuata. Alipanda kwenye kiti, akakimbia mizunguko mitatu, akashuka akicheka bila furaha.

"Dada Sekela, mashine yako inadekeza watu."

"Inadekeza vipi? Umegonga uzio mara mbili."

"Uzio nimeutaka mwenyewe. Nasema tairi. Pale Mashineni likiteleza, linarudi upesi kama mbwa aliyeitiwa chakula. Siku ile halikurudi. Nilihesabu, dada. Moja, mbili, tatu. Tatu nzima tunaelea."

"Hofu hurefusha sekunde, Lusajo."

"Hofu yangu naijua, tumekaa nyumba moja."

Sekela alifungua vipimo vyake. "Nilivichukua mwenyewe siku nane, kwa tairi lilelile, kwenye barabara ileile."

"Ileile ikiwa imemwagiwa maji."

Sekela akakumbuka.

Ilikuwa siku za mavuno, na watu wa Mashineni walikuwa wameanika mahindi kwenye maturubai pande zote mbili za barabara. Ambakisye ndiye aliyesimamisha kazi na kuita lori la maji lilaze vumbi. "Hatuwezi kuwatilia watu mchanga kwenye ugali," alisema, na wanawake waliokuwa wakigeuza mahindi wakamshangilia. Kila asubuhi lori lilitangulia, gari la vipimo likafuata. Sekela aliona adabu ya kaka yake tu. Hakuona udongo wenye unyevu ukiupoza mpira kila unapoteleza. Kwenye taarifa yake hakuandika neno maji hata mara moja. Siku ya mbio mahindi yalikuwa ghalani tayari, na barabara ilikuwa kavu. Juu ya vumbi kavu uso wa tairi huchemka, hulainika, na mshiko hauji mpaka upoe.

Alirudi Mashineni, akapima upya pakiwa pakavu. Muda wa tairi kushika tena, aliouandika nusu sekunde, ulikuwa sekunde tatu na kidogo. Aliziingiza hesabu mpya, kisha akaita kivuli. Mikono ilikuwa ileile, breki ileile. Gari liliteleza, halikushika, likatoka.

"Mwachie mama nakala ya zamani," Lusajo alisema kwa sauti ya chini. "Itamdhuru nani?"

Sekela aliiacha. Lakini Jumapili, kidole kikiwa juu ya kitufe, alishindwa kubonyeza.

"Mama, sasa ziko mbili. Hii unayoitazama matairi yake ni ya uongo. Nilikosea mimi." Akamweleza yote, maji na mahindi, bila kujificha.

Bi Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yako alijifunzia ipi?"

"Hii ya uongo, mama."

"Akaiamini."

"Aliniamini mimi."

Mama aliuvuta mkoba karibu. Nje mtu alikuwa akigonga chuma, akaacha.

"Na maji aliagiza yeye?"

"Yeye mwenyewe."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Hata kuku wa jirani aliwapisha njia." Kisha akauliza, "Na huyu Lusajo anayejifunzia humo ana mama?"

"Anaye. Yuko Tukuyu."

"Basi futa hiyo. Niwashie ya kweli, mara moja tu."

Sekela alifuta, kisha akawasha. Gari lilipokaribia kona, mama alifungua kinywa, lakini safari hii hakusema kitu. Alitazama mpaka ukuta ulipotulia. Akasimama, akamshika Sekela bega kwa muda mrefu, wala hakumwambia kwamba amemsamehe.

Tangu hapo haji tena karakana. Lusajo na wenzake sita hufanya mazoezi kila siku, na kabla ya kona ya Mashineni wote hukanyaga breki mita thelathini mapema zaidi.