Kizimba cha Patron Adrien

Chuma hakidanganyi, ndugu zangu. Kiunge vizuri, kigonge nyundo, kitakuimbia; kiunge vibaya, kitalia kama chungu chenye ufa. Chanda, fundi wa kuchomelea, alilijua hilo kuliko sala zake. Basi saa sita mchana ule, gereji kimya, alipogonga kiungo cha mwisho mara moja, na bomba likamjibu mara tatu, alibaki na nyundo juu.

Pa. Pa. Pa.

Kilikuwa kizimba cha mabomba, ndani ya gari la mashindano la Patron Adrien, mwenye gereji, ili Jumapili gari likipinduka kichwa chake kisipondwe. Chanda alichomelea, mwenzake Anaclet, Mkasai, mtu wa kuja kutoka jimbo la Kasai, alikata na kupinda. Na siku zile, Katanga imejitenga, Mkasai mjini Elisabethville alitembea akiangalia nyuma. Jandarme, askari wa Katanga, walimtafutia kosa tu, na walioondoka nao hawakurudi.

"Anaclet, njo weye unapiga?"

"Aka! Miye niko nakula, ndugu." Kweli alikuwa mlangoni, tonge la bukari mkononi.

Kesho yake tena, saa ile ile. Siku ya tatu ikaja na harufu: udongo mbichi na jasho la wanaume wengi, ndani ya gari lisilo na mtu. Chanda akaanza kumtazama Anaclet kwa pembeni. Mbona anakaa mlangoni kila mara? Mbona ananyamaza patron akipita? Shaka ni kama funza, ikishaingia kidoleni huachi kujikuna. Alhamisi asubuhi akamnong'oneza patron.

"Patron, ule Anaclet... sijuwe anafanya nini kwa ile motokari. Iko na bulozi."

Patron hakuamini uchawi, aliamini hujuma. Akainua simu, akawaita jandarme. Mama yangu! Chanda hakutaka mambo yafike huko. Alikimbia kwa Mama Mwape, mganga, mjane wa mchimba shaba, angalau ajue kama amesema kweli.

Mama Mwape alifika, akaweka sikio kwenye bomba, akafumba macho.

"Ile bomba ulitoa wapi?"

Chuma kilikuwa hakiingii mjini kwa sababu ya vita. "Kwa shimo ya zamani ya shaba, Mama. Miye mwenyewe. Baliiacha tu."

"Bwana yangu alikufia mule, na benzake nane. Hii njo ilikuwa inabapelekea hewa." Sauti yake ilishuka. "Wa chini akipiga tatu, anaomba hewa. Wa juu anapiga moja: nimesikia. Ile siku, wa juu alikimbia. Na weye umebafungia tena, huku na huku!"

Kweli. Bomba linalozibwa pande zote huachiwa tundu dogo la kutolea hewa ya moto, fundi yeyote anajua. Patron aliharakisha, Chanda akaliziba hivyo hivyo.

"Anaclet," Chanda aliita, "leta keekee. Toboa hapa, ndugu, tafazali."

Anaclet akaileta. Akatoboa, na hewa ikaanza kutoka, baridi, yenye harufu ile ya udongo na jasho, ikatoka na kutoka kupita kiasi cha hewa kinachoweza kukaa ndani ya bomba, ikipumua, ikikatika, ikipumua tena, mtu mmoja, wa pili, wa tatu, hadi Mama Mwape alipohesabu wa tisa na kuanza kulia, na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

Patron na jandarme wanne. Wakamkuta Mkasai na keekee mkononi, na tundu kwenye kizimba.

"Chanda!" Anaclet alipaza sauti wakimburuta. "Ubaambie! Njo weye ulinituma!"

Jandarme mmoja akamgeukia Chanda. "Njo weye ulimutuma?"

Mama Mwape alimtazama. Chanda alitazama chini. "Hapana," akasema.

Wakamtupa Anaclet ndani ya kamiyo, lori la bati lisilo na dirisha, wakafunga, na jua la Oktoba likiwaka. Injini ikanguruma. Kutoka ndani ya bati kukasikika: pa, pa, pa.

Nyundo ilikuwa mkononi mwa Chanda. Pigo moja tu lingetosha. Jandarme walikuwa wanamwangalia. Akaiweka mezani taratibu, isitoe hata mlio.

Kamiyo ikaondoka. Na nyuma ya Chanda, ndani ya gari la mashindano, bomba likagonga mara moja.