Majibu ya Shangazi

Kila siku akitoka shule, Daktari aliweka mkoba, akaosha vyombo, kisha akaketi jikoni kuulizwa maswali. Hakuwa daktari kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni.

"Unataka kuwa nani?" shangazi aliuliza huku akimenya vitunguu.

"Daktari, kwa sababu napenda kuwasaidia wagonjwa."

"Usikariri kama kasuku! Tabasamu kidogo."

Shangazi alikuwa mshauri wa wanafunzi. Aliwasaidia vijana kuchagua masomo na kazi, na alitamani sana kuingia katika chama cha washauri wenzake, waliokutana kujadili utafiti na kufundishana. Chama hicho hakikumpokea mtu kwa vyeti pekee. Ilikuwa lazima azungumze na mtoto mbele ya wanachama, na mtoto ndiye aongee zaidi. Mwaka uliopita shangazi alijaribu, akaongea yeye mwanzo mwisho. Mtoto wa watu alipata nafasi ya kupiga chafya tu. Mara hii hakutaka kubahatisha, akamchagua Daktari.

Siku ikafika. Ukumbini, washauri waliketi wakiwazunguka wawili hao. Shangazi aliuliza kwa upole, naye Daktari akajibu bila kukosea hata neno. Uso wa shangazi uling'aa kwa furaha.

Ndipo mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akauliza swali ambalo kila mtoto huulizwa mwishoni. Mwaka uliopita shangazi hakufika huko. Muda ulimwishia akiongea.

"Mwanangu, kuna jibu lolote ulilotoa ili kumfurahisha mtu?"

Daktari alimtazama shangazi. Akisema hapana, shangazi angepokewa leo hii. Akisema ndiyo, angemwaibisha mtu aliyempenda kuliko wote duniani. Lakini mama yule alimtazama kwa wema, naye akashindwa kumdanganya.

"Lipo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Yote."

Shangazi aliinamisha kichwa. Daktari alidhani atagombezwa palepale, lakini shangazi alisogeza kiti karibu, akamshika mkono.

"Yale yalikuwa majibu yangu," alisema. "Sasa nipe yako. Ni kitu gani kinachokufanya usahau hata njaa?"

"Viatu, shangazi. Ukichelewa kazini huwa naenda kwa yule fundi viatu jirani yetu. Amenifundisha kushona soli. Damu naiogopa mno, hata nikijikata kidole nasikia kizunguzungu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa ukifurahi sana kuniita Daktari."

Shangazi alisikiliza bila kumkatiza.

"Hata viatu hivyo ulivyovaa nimevishona mimi. Kimoja kilikuwa kimeanza kuachama."

Washauri wote waligeukia miguu ya shangazi. Akavua kiatu, akakigeuza, akapapasa mshono.

"Kumbe! Na mimi nikadhani ni vizima!" Alicheka huku machozi yakimtoka, na ukumbi mzima ukacheka naye.

Kisha mwenyekiti akasema, "Dada, leo hatuwezi kukupokea. Ulimfundisha mtoto majibu. Rudi mkutano ujao. Ila mazungumzo haya ya mwisho ndiyo kazi yetu yenyewe."

Walipotoka nje, Daktari aliangua kilio. "Nimekuharibia, shangazi."

"Hukuniharibia. Mimi ndiye niliyekosa. Nawasikiliza watoto wa wenzangu kutwa nzima, nikamsahau wa nyumbani kwangu." Shangazi alimfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Kesho nipeleke kwa huyo fundi nikamshukuru. Masomo usiyaache, maana hata fundi anahitaji hesabu, na kazi tutaitafuta pamoja. Lakini shika neno hili, mwanangu: mtu anayekupenda usimpe jibu analolitaka, mpe la kweli. Ukweli unauma, lakini bila huo tutakaa nyumba moja na tusijuane."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, nieleze. Soli inashonwaje?"

Daktari akaanza kueleza uzi, sindano na nta, na shangazi hakusema neno mpaka walipofika nyumbani.