Presha ya Mama Phoebe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kabibi alibeba mkoba mweusi na kumfuata dada yake Mbeyu nyumba kwa nyumba kule Gongoni. Kabibi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na mkoba ule aliubeba kwa maringo kumshinda mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na stethoskopu na mashine ya kupimia presha: kitambaa cha kufunga mkononi, mpira wa kupuliza, na kisahani chenye mshale kama saa ya ukutani.

Mbeyu alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Malindi. Chuo kilimpa nyumba kumi, kila nyumba na mgonjwa wake wa presha. Kwa wiki sita alitakiwa kuwapima, kuandika namba katika daftari la chuo na kuzinakili katika kadi ya mgonjwa.

Wiki mbili za kwanza kazi ilikwenda sawasawa. Mbeyu alimketisha mgonjwa apumzike kidogo, akamfunga kitambaa, akavaa stethoskopu masikioni na kusikiliza huku ameukazia macho mshale. Ole wake mtu aliyekohoa wakati huo!

Nyumba ya saba ilikuwa ya Mwikali, mwanamke wa Kitui aliyekuja pwani kufanya kazi katika mashamba ya chumvi. Binti yake, Phoebe, aliketi dawati moja na Kabibi shuleni.

"Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita," alisema Mbeyu wiki ya pili. "Bado iko juu, Mama Phoebe. Dawa usiache hata siku moja."

"Nitameza, daktari wangu," alijibu Mwikali. Alimwita hivyo kwa utani, naye Mbeyu alipenda.

Wiki ya tatu mitihani ilikaribia. Mbeyu alikuwa wa kwanza darasani na hakutaka kushuka. Nyumba kumi zilimlia asubuhi nzima, na vitabu vyake vilikuwa Malindi vikimngoja. Basi akaanza kulipua kazi. Alifunga kitambaa, akapuliza mara mbili tatu, akaachia hewa, akasema, "Iko sawa," na safari ikaendelea. Stethoskopu ilining'inia shingoni tu. Kabibi aliliona hilo.

"Dada, mbona husikilizi?"

"Wewe beba mkoba," Mbeyu alijibu.

Walipofika nyumbani, Mbeyu alimpa daftari na kadi zote kumi. "Mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Nijazie. Weka namba za watu wazima wenye afya, ila usiandike mia na ishirini kila mahali, watagundua. Changanya changanya."

Kabibi alijilaza mkekani akachanganya. Mia moja kumi na tisa kwa sabini na saba. Mia moja ishirini na moja kwa sabini na tisa. Namba zilizokaa vizuri, kama mia na ishirini, alizikwepa kwa sababu zilionekana za kubuni. Alijiona fundi kwelikweli. Jioni alizirudisha kadi kwa wenyewe, na kila mmoja alifurahi kuona presha yake imetulia. Mchezo ukawa huo kwa wiki nne, hadi wiki sita zikaisha.

Matokeo yalipotoka, jina la Mbeyu lilibandikwa kwenye ubao wa chuo: mwanafunzi bora wa mwaka. Siku ya mahafali angevishwa nishani mbele ya umati. Kilichobaki ni mwalimu wake, Sista Everlyne, kuja Gongoni Ijumaa kulikagua daftari na kulitia sahihi. Mama yao hakungoja sahihi ya mtu. Alikwisha kuwatangazia wanakwaya wote kanisani, na leso mpya ya sherehe alikwisha kuinunua.

Alhamisi, wakati wa mapumziko shuleni, Phoebe hakuingia katika mchezo wa kati na wenzake. Aliketi kwenye ngazi ya darasa akiwa ameshika tama.

"Una nini?" Kabibi alimwuliza.

"Mama anaumwa kichwa siku ya tatu leo. Jana aliona kiwi huko kazini, akaketi chini palepale kwenye chumvi. Leo hakuamka kabisa."

"Dawa za presha anameza?"

"Aliziacha," alisema Phoebe. "Si amepona? Kadi yake inaonyesha wiki nne mfululizo presha ni nzuri. Akasema ameze dawa za nini tena."

Kabibi aliujua mwandiko wa kadi ile. Masomo ya mchana hayakumwingia hata moja.

Jioni alimweleza dada yake kila kitu. Mbeyu alikuwa akipiga pasi sare yake nyeupe. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea.

"Kesho Sista akishaondoka nitakwenda kumpima," alisema.

"Kwa nini usiende sasa?"

"Nikimkuta na presha ya juu nitaiandika wapi, Kabibi? Daftari limeshafungwa. Ni siku moja tu. Nyamaza, usiniharibie."

Kabibi alinyamaza. Alimpenda dada yake, na alitaka sana kumwona na ile nishani kifuani.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Shule ilifungwa mapema, na Kabibi alipofika nyumbani alimkuta Sista Everlyne ameketi barazani na daftari mapajani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uketi."

Sista alifungua kurasa moja moja. Alisifu usafi wa daftari. Kisha akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena nyuma. Aliomba aletewe mashine. Akakiweka kile kisahani karibu na macho ya Kabibi.

"Wewe unasoma hesabu. Hebu niambie, kutoka mia moja na kumi mpaka mia na ishirini pana nafasi ngapi?"

Kabibi alihesabu. "Tano."

"Basi kila nafasi ni mbili. Mashine hii tunaisoma kwenye mistari: mia moja kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita. Namba zote shufwa. Sasa tazama hapa." Akaonyesha daftari. "Wiki mbili za kwanza, shufwa tupu. Kuanzia wiki ya tatu, witiri kila mahali. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Sabini na saba. Mbeyu, kwenye mshale huu ulizisomaje?"

Mbeyu alitazama sakafu. Kuku mmoja alipanda barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Labda ulitumia mashine ya betri," alisema Sista. "Hiyo huonyesha namba zote."

Lo! Mlango wa kuponea ukawa umefunguka wenyewe. Mbeyu aliinua uso. "Ndiyo, Sista. Niliazima ya rafiki yangu."

"Ungeandika pembeni, basi. Mara nyingine usisahau." Sista alitoa kalamu mkobani, akaiweka kwenye nafasi ya sahihi.

Kabibi aliitazama ncha ya kalamu. Aliiona leso ya mama yake, akaiona nishani. Halafu akamwona Phoebe ameshika tama kwenye ngazi.

"Sista, usiweke sahihi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Namba hizo niliziandika mimi. Hakuna aliyepimwa. Na mama yake Phoebe ameacha dawa kwa sababu ya kadi niliyomjazia, sasa anaumwa kichwa siku ya nne!"

Mbeyu alijifunika uso kwa viganja. Sista Everlyne hakupiga kelele. Alifunga kalamu, akasimama. "Nyumba iko wapi? Chukua mkoba, Mbeyu. Twende."

Walimkuta Mwikali kitandani, kitambaa kibichi kipajini, Phoebe pembeni yake. Alipomwona Mbeyu alijaribu kutabasamu. "Daktari wangu, umekuja."

Mbeyu aliposikia jina lile machozi yalimlengalenga.

"Mpime wewe," Sista alimwamuru. "Na uisome kwa sauti, sote tusikie."

Safari hii Mbeyu alivaa stethoskopu masikioni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mia moja tisini na sita kwa mia moja kumi na nane," alisema.

Sista alitoka nje mara moja akaita tuktuk. Mwikali alipelekwa Malindi, akalazwa hospitalini siku tatu, presha ikashushwa polepole. Daktari wa zamu alisema angechelewa zaidi kidogo, pengine angepooza, au yangekuwa mambo mengine.

Nje ya wodi Sista Everlyne aliwaketisha wale ndugu wawili kwenye benchi.

"Mbeyu, ungeibia mtihani wa darasani, ungejidanganya mwenyewe na mimi mwalimu wako. Ni kosa, na adhabu yake ipo. Lakini namba ya mgonjwa ni kitu kingine. Mgonjwa anaiamini. Anaitazama, halafu anaamua ameze dawa au aache, aende kazini au alale. Wewe ulikuwa unatafuta heshima. Heshima ya muuguzi ni hiyo tu, kwamba alichoandika ndicho alichokiona. Na wewe, Kabibi, uliandika uongo ukijua. Ukasema kweli ukiwa umechelewa, ila ulisema, na mama wa mwenzio yu hai."

Chuo kilimvua Mbeyu ile heshima na kumfuta katika orodha ya mahafali. Ikabidi azirudie wiki sita zote. Nishani alivishwa Japheth, kijana wa darasa lake asiyesemasema, ambaye daftari lake lilikuwa na madoa ya chai na namba za kweli. Mama yao aliikunja leso akaitia sandukuni. Kabibi na Mbeyu walizipitia nyumba zote kumi, wakaeleza walichofanya na kuomba radhi. Wengine waliwasamehe. Mzee mmoja aliwafukuza, nao walirudi kwake tena Jumamosi iliyofuata.

Siku ya mahafali, wenzake wakipigiwa makofi Malindi, Mbeyu alikuwa amechuchumaa mlangoni kwa Mwikali. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia moja arobaini na sita kwa tisini."

"Nipunguzie basi, daktari wangu, nami nionekane kijana," Mwikali alitania.

Kabibi, aliyeshika daftari, hakucheka. Alimtazama dada yake. Mbeyu alitikisa kichwa kukataa, na Kabibi akaandika mia moja arobaini na sita kwa tisini, kama ilivyosomwa.

Mwikali aliichukua kadi yake, akaitazama. "Nakutania, mwanangu," alimwambia Kabibi. "Niandikie mbaya, bora iwe ya kweli. Ile nzuri ya uongo ilinifurahisha wiki nne, nikakaribia kumwacha Phoebe yatima."

Alinyoosha mkono juu ya meza, akachukua kidonge chake, akakimeza mbele yao.