Kipepeo Aliyeandikwa Jina la Goodness

“Soma tena,” nilimwambia Ketrina.

“Nimeshasoma mara mbili, da Tabi.”

“Soma ya tatu.”

Ketrina ni mtoto wa mama yangu mdogo, anauza vitenge Tunduma. Siku hiyo alikuja kwetu Iyula moja kwa moja kutoka kwenye sherehe ya uchumba, hata maji hajanywa, akanikuta kwenye mashine ya kumenya kahawa. Alifungua tena simu yake, pale alipokuwa ameyaandika yale maneno ili asiyasahau.

“‘Kipepeo jike. Kamsamba, tarehe 26 Juni 2010. Amekamatwa na Jofrey Sikanyika pamoja na mchumba wake Goodness.’ Ndivyo ilivyoandikwa. Kisanduku cha kioo, kimewekwa mezani mbele ya keki. MC akatangaza kwamba hiyo ndiyo zawadi ya Jofrey kwa mchumba.”

“Na pete?”

“Amemvisha. Mji wote wa Mpemba, kwao huyo Goodness, ulikuwepo, mpaka Wazambia wa ng'ambo ya mpaka. Watu wanapiga vigelegele, mimi nimeinamia simu, naandika.”

Mikono yangu ilikuwa na utelezi wa kahawa hadi kwenye viwiko. Niliendelea kuzungusha mashine, maganda yanatokea huku, punje zinatokea kule. Sikulia. Niwe mkweli, nilitamani kuua mtu.

Jofrey alikuja Iyula mwanzoni mwa Juni, nilipokuwa ndiyo kwanza nimefika nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu. Kwao ni Tunduma. Alikuja na wavu na begi, msaidizi wa Dokta Hezron, mtafiti wa wadudu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanamtafuta kipepeo mmoja. Dume lake wanalijua, la bluu iliyokoza, lakini jike hakuna mtaalamu aliyewahi kumwona. Jofrey alihitaji mtu anayeyajua mabonde yetu, na mimi nayajua kama ninavyolijua jiko la mama.

Tukazunguka. Mabonde ya Iyula kwanza, kisha tukashuka hadi Kamsamba, kwenye joto lile la kukausha mate mdomoni. Alinifundisha kumbana kipepeo kifuani kwa vidole viwili, taratibu, asichakae mabawa. Alinifundisha kukunja karatasi pembe tatu ya kumhifadhia. Kumpenda nilijifundisha mwenyewe.

“Tukimpata,” aliniambia siku moja tumekaa mtoni, “jina lako litaandikwa kwenye kibandiko. Kwenye kazi hii kibandiko ndicho kila kitu. Mahali, tarehe, aliyekamata. Kipepeo asiye na kibandiko ni takataka tu.”

“Na mimi na wewe?”

“Mkimaliza kuchuma kahawa, naleta mshenga kwa baba yako.”

Nikaamini. Boazi, mwenye duka pale njiapanda, alikuwa ameshaleta mshenga tangu Pasaka. Nikamwambia baba amjibu hapana. Iyula ikapata la kusema: binti wa Nzunda kamkataa mwenye duka, yuko porini anakimbiza vipepeo na mwanaume asiyejulikana kwao. Nilicheka. Nilijua siku jina langu likiandikwa, midomo yote itafungwa.

Na kipepeo nilimpata mimi. Siku hiyo Jofrey alikuwa hoi kwa malaria, amelala ndani kwa Mama Ngusa, mama wa Kisukuma aliyetupokea kule Kamsamba. Mama alikuwa amepika pombe ya wavuna mpunga. Saa saba mchana, jua la utosi, watu wote wamejilaza, akamwaga machicha ya pombe ile nyuma ya zizi. Nikaona kitu cha rangi ya kahawa iliyokaangwa, kina mstari mweupe mabawani, kimetua pale pale kwenye machicha, na dume la bluu linakizunguka. Nikatupa wavu.

Nilipomwonyesha Jofrey alilia kama mtoto. Alinishika mkono akasema, “Tabi, umeniokoa maisha.” Hakuuliza nimemkamata wapi wala vipi. Homa ilipopungua aliondoka naye, nami nikarudi kwetu kwenye kahawa, nasubiri mshenga.

Kumbe mwenzangu anasubiri keki.

Ketrina alikuwa bado amesimama pale kwenye mashine simu yangu ilipolia. Ujumbe. Jofrey huyo.

“Tabi wangu, Dokta amefurahi sana. Anakuja Kamsamba Alhamisi ijayo, anataka kuwaona wengine wazima ndipo athibitishe. Mpz ulimkamatia wapi hasa, na saa ngapi? Mambo ya kitaalamu tu, ww usijisumbue kuja, jua la kule litakuchosha. Nakupenda.”

“Mtukane,” alisema Ketrina.

“Simtukani.”

“Basi nipe mimi simu, najua kumtukana.”

“Ketrina, mtu ukimtukana anajua ameshajulikana. Huyu nataka aendelee kuamini mimi ni mjinga.”

Nikaosha mikono, nikakaa kwenye gogo, nikaandika taratibu.

“Pole na kazi mpenzi. Ni kwenye majaruba ya mpunga ya mwisho kabisa kule mtoni, yale yanayobaki na maji. Ingia mpaka magotini, alfajiri, kabla jua halijatoka. Anatua kwenye yale maua meupe ya majini. Na anafuata rangi ya njano, kwa hiyo vaa njano juu hadi chini. Siku ya kwanza anaweza asitokee, usikate tamaa. Nakupenda pia.”

Ketrina alisoma, akaniangalia.

“Kule si kuna ruba?”

“Wengi,” nikasema.

Jumamosi nikapanda lori la mpunga pale Mlowo. Baba aliniuliza naenda wapi tena, nikamwambia naenda kuchukua kitu changu. Mama Ngusa alinipokea kwenye lango la zizi, ana ungo mkononi, akanisalimia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mwanangu. Yuko wapi mumeo?”

“Anakuja Alhamisi mama, na mke mwingine.”

Aliweka ungo chini. Nikamweleza yote, na hapo ndipo machozi yaliponitoka kwa mara ya kwanza. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize.

“Sasa unataka nini kwangu?”

“Upike pombe. Iive Jumamosi ijayo.”

“Mpunga umeshaisha shambani. Nani anavuna safari hii?”

“Mimi, mama.”

Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaenda kutafuta kimea.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Jofrey na Goodness walifika na Dokta kwa gari lake, wakapanga vyumba kwa mwenyeji mwingine karibu na soko. Mimi sikutoka nje ya uzio. Habari alikuwa ananiletea Ngusa mwenyewe, mtoto mkubwa wa mama, mtu mzima mwenye mke na watoto.

“Shemeji yangu kavaa jezi ya njano na suruali ya njano,” aliniambia siku ya kwanza. “Na yule dada gauni la njano. Wamesimama kwenye tope toka saa kumi na moja. Ng'ombe wangu wamekataa kupita.”

“Na Dokta?”

“Kakaa tutani na daftari. Anapiga mbu.”

Siku ya pili alikuja ameshika mbavu. “Yule dada ruba kamshika kwenye ugoko, kapiga kelele wavuvi wakadhani mamba. Dokta anamwuliza jamaa, ‘Una uhakika ni hapa?’ Jamaa anasema, ‘Hapa hapa Dokta, mimi na mchumba wangu tulisimama hapa hapa.’”

Nilicheka na Ngusa, nikacheka kweli. Kisha nikaingia ndani nikakaa peke yangu, maana ile “mimi na mchumba wangu” ilinichoma. Mtu yuleyule, sauti ileile, uongo ule ule, ila jina limebadilika.

Jioni hiyo Jofrey akanitumia ujumbe. “Tabi hatokei. Nikumbushe vizuri. Dokta ameanza kunitilia shaka.”

Nikamjibu neno moja. “Vumilia.”

Jumamosi pombe ikaiva. Mama Ngusa akakamua, akamwaga machicha nyuma ya zizi saa sita na nusu. Nikakaa kwenye kigoda, wavu mapajani, nikamtuma Ngusa.

“Mwambie Dokta aje anywe maji kivulini. Mwambie Dokta tu. Wengine watafuata wenyewe.”

Dokta Hezron alikuwa mzee mwembamba, kofia imelowa jasho. Alipoinama kunisalimia, macho yake yalipita begani kwangu, yakaganda. Vipepeo walikuwepo watatu kwenye machicha. Jike mmoja alikuwa anafungua na kufunga mabawa bila haraka.

“Usisogee, binti,” alininong'oneza.

“Hawaogopi, Dokta. Wakishaonja hii hata ukiwashika hawajali.”

“Nani alikwambia wanakuja hapa?”

“Hakuna aliyeniambia. Nilimkamatia hapa yule wa kwanza, tarehe 26 Juni, saa saba mchana. Jofrey alikuwa amelala ndani na homa. Mwulize mama mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa anamnywesha uji.”

“Nilimnywesha kwa mkono huu,” alisema Mama Ngusa. “Hata kukaa alikuwa hawezi.”

Nyuma yetu niliwasikia wamefika. Jofrey alikuwa wa njano hadi magotini, kuanzia hapo chini ni tope. Aliponiona, wavu ulimtoka mkononi.

“Tabi?”

“Karibu, mpenzi. Umevumilia?”

Goodness alisogea mbele. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimemtafutia na maneno ya kumwambia. Lakini nilipomwona, msichana mrembo, miguu imejaa alama za ruba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, maneno yale yakanikimbia.

“Jofrey, huyu nani?”

“Ni... ni mwenyeji wetu. Alikuwa anatusaidia kubeba vitu.”

Nikampa Goodness simu yangu, jumbe zote zimefunguka. Alisoma amesimama, jua linamwakia usoni. Alisoma ile ya “Tabi wangu”. Akasoma ile ya kuvaa njano, akajitazama gauni lake, akaniangalia.

“Hii ya njano ulituweza,” alisema taratibu.

“Samahani, dada. Nilimlenga yeye.”

Akamgeukia Jofrey. “Uliniambia ulimkamata siku yangu ya kuzaliwa. Ukasema ulipomwona ulinikumbuka mimi.”

“Goodness, sikiliza, hili ni jambo la kikazi, jina moja au mawili kwenye kibandiko...”

“Mimi sikuwahi kufika Kamsamba, Jofrey. Ukanifundisha cha kumwambia Dokta, na mimi nikasema, kwa sababu nilidhani wataalamu ndivyo mnavyofanya.”

Alivua pete. Hakuitupa. Aliiweka juu ya kigoda nilichokuwa nimekalia, akamwomba Mama Ngusa maji ya kunawa miguu.

Dokta hakupandisha sauti. “Kibandiko uliandika kwa mkono wako?”

“Ndiyo Dokta, lakini...”

“Kama kibandiko hiki ni uongo, na vile mia mbili ulivyoniandikia mwaka jana nitaviaminije? Kazi yangu ya mwaka mzima umeitia maji. Nipe wavu wangu. Nipe na begi. Utapata usafiri wako mwenyewe.”

Wanasema mtenda akitendewa huhisi ameonewa. Jofrey alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemvisha mtu pete.

“Tabi, umeniua.”

“Bado unapumua.”

Dokta akatoa kalamu, akauliza jina langu. Nikalitaja polepole, herufi kwa herufi, asikosee: Tabita Nzunda, Iyula. Ngusa alisimama pembeni akawaangalia wale wadudu, akasema, “Kiumbe gani hiki, kinaacha maua yote ya Mungu kinafuata machicha. Sisi wa hapa tutakiita Jofrey.” Mpaka leo wachungaji wa Kamsamba wanakiita hivyo.

Mngedhani yameishia hapo. Mwisho wa Agosti mshenga akafika kwetu, Mzee Severini, amevaa koti. Katumwa na Jofrey.

“Kijana amejuta,” alimwambia baba. “Kazi hana, uchumba wa Mpemba umevunjika. Anasema aliyemjua kuwa mke ni binti yako tu. Amenituma niombe msamaha na niombe mlango wa posa.”

Baba akaniangalia. “Ulimkataa Boazi kwa ajili ya huyu. Sasa amekuja. Useme mwenyewe.”

“Yuko wapi?” nikauliza.

“Kule njiapanda,” alisema Mzee Severini. “Anaona aibu kupanda.”

Nikamwachia mama birika, nikashuka. Alikuwa amekaa ukutani mwa duka la Boazi, amekonda, shati limemzidi. Moyo wangu ulikwenda kwake, siwadanganyi. Kama angenyamaza labda ningekaa karibu naye.

“Tabi, najua nilikukosea. Lakini nilikupenda kweli. Goodness ni wazazi walitaka. Wewe ndiye nilikupenda.”

“Najua.”

Aliinua uso. “Unajua?”

“Najua ulinipenda. Ndiyo maana nikakufanya vile. Mtu asiyenipenda akiniibia namwacha apite. Wewe ulinipenda na bado ukanifuta.”

“Basi umeshalipiza. Wote wamecheka, kazi nimepoteza. Tusameheane tuanze upya.”

“Nimelipiza, ndiyo. Ila hasira haijaisha, Jofrey. Nilidhani ikifika siku hii itakuwa imeisha. Ukinioa, kila siku nitakayokupikia nitatafuta njano nyingine ya kukuvisha. Hilo silitaki kwako, na kwangu pia silitaki.”

“Kwa hiyo nimwambie nini mzee?”

“Mwambie nimesema ninakupenda, na niendako hutafika.”

Alisimama, akajikung'uta vumbi la ukuta. Kisha akashuka kuelekea barabara ya Mlowo, hakugeuka, na mimi sikumwita. Niliporudi juu Mzee Severini alikuwa anamalizia chai yake. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikaenda kugeuza kahawa kwenye vichanja. Hapo ndipo nilipolia, mpaka jua lilipozama, na hata kulia kwenyewe sikujutia.