Tangi la Kioo na Zamu ya Sabra

Kengele ya kutoka ilipolia, wanafunzi wa Shule ya Msingi Mkundizi walimwagika uwanjani kama mchele gunia likipasuka. Magreth peke yake ndiye asiyekuwa na haraka. Alipanga madaftari yake polepole, akafagia hata mahali palipokwisha kufagiliwa, kisha akashika njia ya kurudi nyumbani.

Kwao ni katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Zamani kidogo, saa kama hizo, pale palikuwa na kelele za watoto hadi watu wazima wakafunga madirisha. Kisha kiwanda kikauzwa, mashine zikazimwa, na kila mwisho wa wiki lori likawa linapakia vitanda na masufuria ya watu waliokuwa wakirudi makwao. Yuliana, rafiki yake wa tangu chekechea, aliondoka na lori la kwenda Iringa. Katika safu yao ya milango kumi na miwili, mitatu tu ndiyo iliyobaki ikifunguliwa. Baba yake Magreth alikwenda Dumila kuuza mitumba njia panda, akawa anarudi kila baada ya wiki mbili. Mama alikuwa sokoni na nyanya zake mpaka jua lizame. Magreth alikuwa akifungua mlango, anasema "hodi," na hakuna anayemwitikia "karibu."

Ndiyo maana alipenda tangi.

Tangi lilikuwa la kioo, refu kama meza ya mwalimu. Mwalimu Thobias, mwalimu wao wa sayansi, alipewa na mtafiti mmoja aliyekuwa akihama mji. Aliliweka karibu na dirisha la chumba cha sayansi, akawaambia darasa la sita, "Hili si pambo. Humu tutapanda bustani chini ya maji. Nataka watunzaji wawili."

Magreth alinyoosha mkono. Mwingine aliyenyoosha alikuwa Sabra, msichana mwembamba, mkimya, aliyeshuka kila asubuhi kutoka Mbete, kijiji cha mlimani. Wenzao walizoea kumtania kwa sababu ya viatu vyake vyenye tope.

Lakini kazi ilipoanza, Sabra ndiye aliyejua. Alileta udongo mweusi wa ukingo wa mto, wakautandaza chini. Juu yake wakamwaga changarawe waliyoiosha mpaka maji yakatoka safi. Alileta majani ya majini ya aina tatu, akamwonyesha Magreth namna ya kuyapanda. "Usizike shingo yake. Mzizi tu. Ukiifukia shingo, linaoza." Mwisho akaleta kwenye ndoo visamaki tisa vyembamba vya mtoni, hakuna hata kimoja kilichozidi kidole.

Wiki mbili zikapita. Samaki walikuwa wazima, lakini majani yalisimama vilevile, mengine yakaanza kuwa manjano.

"Yana njaa," Mwalimu Thobias alisema. "Mmea unakula hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Humu ndani ni kidogo. Tutaitengeneza."

Alichukua chupa ya plastiki, akatia kikombe cha sukari, maji ya uvuguvugu na hamira ya kuumulia maandazi, robo ya kijiko cha chai tu. Akatoboa kizibo, akapitisha mpira mwembamba wa dripu, akauziba pembeni kwa gundi. Ncha ya pili akaiingiza kwenye maji, chini ya kikombe kidogo cha kioo kilichofunikwa kifudifudi. Baada ya saa moja, kiputo kikapanda. Kisha kingine. Darasa zima likapiga makofi.

"Sasa sikilizeni, watunzaji," mwalimu alisema. "Mmea unakula hewa hii mwanga ukiwepo. Giza likiingia hauli tena, na hewa ikizidi, samaki wanakosa pumzi. Kwa hiyo kila jioni mwenye zamu autoe mpira kwenye maji. Na hamira ni robo kijiko. Si nusu, si kijiko. Robo." Akampa kila mmoja ufunguo wa kabati la hamira na sukari.

Majani yakaanza kuchipua. Magreth alihesabu vichipukizi kila siku, na katika kuhesabu alisahau milango tisa iliyofungwa. Siku nyingine yeye na Sabra walikaa mbele ya kioo bila kusema neno, na kimya kile kilikuwa tofauti na cha nyumbani.

Kisha Baba akatuma salamu kwa dereva wa lori: angekuja Jumamosi, na alitaka kuliona hilo tangi. Magreth alikuwa amemwandikia kwamba bustani yao imekuwa kama msitu wa Uluguru. Haikuwa msitu. Ilikuwa vichipukizi kumi na saba.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Sabra. Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani, hivyo Sabra alitoa mpira kwenye maji, akaufunga kwenye msumari ukutani, akaondoka mapema kabla mvua haijamkuta njiani. Magreth alibaki. Alitazama majani, akawaza jinsi Baba atakavyoinama kuchungulia na kuona kidogo kile. Akafungua kabati kwa ufunguo wake. Akatia hamira kijiko kizima kwenye chupa, akaongeza cha pili, akamimina na sukari. Kisha akaurudisha mpira kwenye maji. Viputo vikaanza kupanda upesi kama uji unaochemka. Akafunga mlango, akaenda zake akitabasamu.

Asubuhi ya Ijumaa aliyeingia kwanza alikuwa Geofrey, kiranja wa darasa. Walimsikia akipiga ukelele.

Povu la hamira lilikuwa limepita kwenye mpira na kumwagika tangini. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka chachu. Samaki saba walielea matumbo juu. Wawili walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Mwalimu Thobias aliwaokoa wale wawili kwenye ndoo ya maji safi. Kisha akageuka. "Jana ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu, mwalimu," Sabra alisema. "Lakini mpira niliutoa."

"Si huo hapo majini?" Geofrey alidakia. "Alikimbilia mlimani hata kazi hajamaliza! Sote tulimwona."

Watu wakaguna. Sabra aliwatazama wote, mmoja mmoja, mpaka macho yake yakafika kwa Magreth. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu. Magreth akatazama sakafu.

Sabra akatoa ufunguo wake wa kabati mfukoni, akauweka mezani, akaenda kuketi.

Siku nzima Magreth alisafisha tangi peke yake, akichota maji kwa kopo na kuyamwaga nje. Hakuna aliyemlaumu, Geofrey hata alimpa pole. Pole ile ilimchoma. Alikuwa amezoea upweke wa kuachwa na watu. Huu ulikuwa mwingine, aliujenga mwenyewe, na hakuwa na wa kumwambia.

Jumamosi Baba alifika, vumbi la Dumila likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Haya, twende nikauone huo msitu. Na huyo mwenzako wa mlimani uliyemwandika kwenye barua, naye atakuwepo?"

Magreth akafungua kinywa atunge neno, badala yake kilio kikamtoka. Akamweleza yote, hamira, mpira, samaki, na macho ya Sabra.

"Ulitaka nione nini, mwanangu?" Baba akauliza. "Mimi ningefurahi hata na jani moja." Akamfuta machozi. "Mimi siwezi kukusemea. Lakini kesho nitakusindikiza."

Jumapili baada ya ibada walipanda Mbete. Njia ilikuwa ya utelezi, na Magreth, aliyeishi miaka yote chini ya mlima ule, alishika magoti kila baada ya hatua chache. Sabra aliipanda kila siku ya shule.

Walimkuta akipalilia matuta ya mboga na bibi yake. Magreth alimwamkia bibi, kisha akasimama mbele ya Sabra. "Ni mimi niliyeurudisha mpira. Na hamira niliizidisha mimi. Nisamehe."

Sabra alichomeka jembe lake ardhini. "Nilijua. Mpira niliufunga kwenye msumari kwa mikono yangu, na uliyebaki ulikuwa wewe." Akafuta udongo vidoleni. "Ulinyamaza mbele ya darasa, Magreth. Hapa hakuna darasa."

Akalishika tena jembe lake. Bibi aliwapa wageni ndizi mbivu, wakashuka.

Jumatatu, kabla Mwalimu Thobias hajashika chaki, Magreth alisimama. Alisema yote, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma, na akamaliza, "Sabra alifanya kazi yake sawasawa. Niliyeua samaki ni mimi, na niliyemwacha asingiziwe ni mimi."

Geofrey aliinama, kisha akasema, "Mimi pia nilikurupuka. Samahani, Sabra."

Mwalimu Thobias aliuchukua ufunguo mezani, akaenda mpaka kwenye dawati la Sabra, akampa mkononi. "Na mimi niwie radhi. Nilipaswa kuuliza zaidi." Ndipo akawageukia wote. "Watoto wangu, samaki hawakufa kwa sababu Magreth hakujua. Alijua. Walikufa kwa sababu alitaka kitu cha mwezi mmoja kiwe tayari kwa siku moja. Haraka ya namna hiyo haina baraka. Lakini kosa la Alhamisi lilikuwa dogo kuliko la Ijumaa. Samaki tunaweza kuvua wengine. Jina la mwenzako ukilichafua, hakuna mwingine wa kulisafisha ila wewe, na lazima ulisafishie palepale ulipolichafulia. Magreth amefanya hivyo leo. Si kazi rahisi. Nimeiona."

Saa ya mapumziko Magreth alikuwa akisuuza changarawe bombani. Kivuli kikaanguka juu ya ndoo. Sabra alichuchumaa upande wa pili, akatumbukiza mikono. Walisuuza kwa muda mrefu.

"Tunahitaji samaki saba," Sabra alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mimi peke yangu nitachelewa. Wanakimbia hao, inatakiwa mmoja afukuze na mwingine akinge kwa kanga." Alimwangalia Magreth, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa mdomo wake ukacheza kidogo. "Njoo Jumapili. Vaa viatu usivyovionea huruma."

Magreth alikwenda. Maji ya mlimani yalikuwa baridi hadi meno yakagongana, na mara mbili za kwanza alifukuza samaki upande usio na kanga. Mara ya tatu Sabra aliinua kanga, na ndani yake visamaki vitatu vilikuwa vikirukaruka.